Hodi Kwenye Kipaza Sauti

Karibu na nyumbani kwangu kuna mashine ya kutolea pesa, imejengewa ukutani pembeni mwa duka la dawa. Kila nikiitia kadi inanikaribisha kwa Kiingereza kabla sijapiga hodi. Mimi napiga hodi hivyo hivyo. Nasema "Hodi" kwa sauti ya kusikika, kisha ndipo nabonyeza namba zangu. Mjukuu wangu anayenisindikiza hugeukia barabarani akajifanya hanijui. "Bibi, hiyo ni mashine," huniambia. Najua ni mashine. Nilikuwa nafanya kazi na mashine kabla mama yake hajaota meno, na mojawapo nusura iniondoe mahali nilipopapenda kuliko pote mjini Kampala. Neno hilo moja ndilo lililoniokoa, kwa hiyo sitaliacha eti kwa sababu mtoto anaona haya.

Nilikuwa keshia wa benki. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala, na kazi yenyewe niliipata kwa mlango ambao mpaka leo sipendi kuutazama. Makarani wengi wa benki walikuwa Wahindi, nao walifukuzwa nchini pamoja na wenzao. Viti vikabaki vitupu. Benki ikamwajiri yeyote aliyemaliza shule na kujua kujumlisha bila kutumia vidole, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mtaani kwetu Old Kampala tulikuwa tumewaaga majirani huku tukilia. Lakini nikisema kazi ile sikuipenda nitakuwa mwongo. Niliipenda tangu siku ya kwanza nilipovaa ile sketi ya bluu.

Sisi ni Waswahili wa Old Kampala. Babu wa babu yangu alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili, tukigombana kwa Kiswahili na kuombana radhi kwa Kiswahili. Kwa bahati mbaya Mungu alinijalia sauti nene. Kaka zangu waliniita Kamanda. Nikimwita paka jikoni, watu wa nyumba ya tatu waliitika.

Nilichopenda benki ni dirisha langu. Lilikuwa dirisha la pili kwenye kaunta ya mbao, lenye wavu wa shaba na tundu la chini la kupitishia pesa. Watu walikuja hapo na maisha yao yote. Kampala huwezi kumwomba mtu hata chumvi kabla hujamuuliza amelalaje, sembuse pesa zako mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja, muuza matoke soko la Bukoto, mnene, mcheshi, ambaye salamu yake ilianza na mimi, ikapita kwa mama yangu, ikazunguka kwa kaka zangu mmoja mmoja, na ikamalizikia kwa kuku. Nami nikamuuliza wa kwake vilevile. Nyuma yake watu walingoja, lakini hawakununa, kwa sababu walikuwa wanasikiliza. Siku zile sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, na habari za bidhaa hizo hazikuandikwa gazetini. Zilipita dirishani kwangu. "Mwana wange," mama wa Bukoto angeninong'oneza, "sukari imefika kwa yule wa karibu na stendi. Usiambie mutu." Basi ningewaambia wanane tu.

Meneja wetu hakupendezwa na mambo hayo. Alikuwa Mganda mrefu, mpole, msafi kupita kiasi, aliyepandishwa cheo haraka katika mwaka ule wa viti vitupu, na nadhani kila asubuhi aliamka akihofia watagundua wamekosea. Alipenda mashine kwa sababu mashine haikumtazama usoni. Chumba cha nyuma alikuwa na mashine za kujumlisha, nzito, zenye mkono wa kuvuta, na wasichana wanne waliokaa nazo kutwa nzima bila dirisha, wakisikia kra-kra-kra mpaka jioni. Walikuwa wasichana wazuri, lakini walikuwa wameanza kuzungumza kwa kupayuka hata msikitini na kanisani.

Siku moja tulifika kazini tukakuta ukumbi umebadilika. Mabenchi mapya yamepangwa katikati. Kwenye kila pembe, juu karibu na dari, kumetundikwa spika ya rangi ya kijivu. Na kwenye meza yangu, mbele ya wavu wa shaba, kimesimama kipaza sauti chenye shingo ya chuma, kinanitazama.

Meneja alitueleza kwa furaha. Kuanzia sasa mteja atakabidhi karatasi zake mlangoni, apewe kisahani cha shaba chenye namba, akae kwenye benchi. Hakutakuwa na kusongamana dirishani. Hesabu yake ikiwa tayari, namba itaitwa. "Hata jina lake halitatajwa," alisema, na hapo sote tulimwelewa. Ilikuwa miaka ambayo mtu hakupenda jina lake lisemwe kwa sauti mahali pa watu wengi. Nilimpinga meneja kwa mengi, lakini kwa hilo la namba nilimpa haki yake, na mpaka leo nampa.

"Nani ataita?" nikauliza.

"Wewe. Selikali imesema Kiswahili ndio lugha ya taifa, na hapa Kiswahili safi ni yako. Mimi sitaki mutu akuje kuniuliza kwa nini benki yangu inaita watu kwa Luganda."

Akanipa maneno ya kusema. Yalikuwa machache na hayakuwa na salamu ndani yake. Nilipomwonyesha kasoro hiyo aliniambia kipindi changu cha majaribio kazini hakijaisha, na kwamba chumba cha nyuma kuna kiti.

Msomaji ambaye hakuwepo lazima aelewe jambo moja, la sivyo hatacheka wala hatahuzunika mahali panapostahili. Kiswahili kile kile nilichobembelezewa nacho utotoni, mjini Kampala kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Mganda akisikia "Simama!" moyo wake uliruka. "Toa kipande! Unatoka wapi? Fungua!" Hayo ndiyo maneno watu waliyoyajua, na aliyeyasema alikuwa na bunduki. Kipaza sauti nacho, mara nyingi, ulikisikia juu ya gari la jeshi. Sasa chukua Kiswahili, kitie ndani ya kipaza sauti, kisha umpe Kamanda akiseme. Hakuna aliyefikiria hivyo, si meneja wala mimi. Tulikuwa tumeshughulika sana na nyaya.

Asubuhi ya kwanza ukumbi ulijaa. Mama wa Bukoto alikuwa benchi la mbele na kikapu chake. Nyuma yake alikaa mwalimu mmoja wa chuo cha Kyambogo, mwembamba, mwenye kofia ya kihuni kidogo asiyoivua kamwe. Karibu na mlango alisimama sajini wa jeshi, kijana wa kaskazini ambaye alikuja kila mwezi kuchukua mshahara wake na ambaye hakuna aliyewahi kukaa naye benchi moja. Mimi mwenyewe nilikuwa namhudumia nikiitazama kofia yake, si uso wake. Ndivyo tulivyofanya na magwanda.

Nikabonyeza swichi. Spika zikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Nikakohoa, na kikohozi changu kikatoka pembe zote nne kwa mpigo. Kisha nikasema nilichoambiwa:

"Namba kumi na nne! Njoo dirisha la pili!"

Ukumbi mzima ukanyoosha mikono juu.

Sitii chumvi hata chembe. Mikono yote, kimya, kama wanafunzi wanaojua jibu. Mwalimu wa Kyambogo alikuwa tayari chini ya benchi, kofia ikiwa kichwani bado. Mama wa Bukoto alikuwa ameketi juu ya kikapu chake, na nyanya zilizokuwamo zikaanza kuvuja. Watu wa karibu na mlango walitoka mbio na mmoja aliacha kiatu. Mwenye namba kumi na nne, ambaye alikuwa muuza nguo, alikuwa ametia kile kisahani cha shaba mdomoni na kufunga midomo kabisa. Na pale mlangoni, mikono ikiwa juu kuliko ya mtu mwingine yeyote, alisimama sajini. Kwa gwanda lake na mkanda wake. Naye alidhani wamemfuata yeye.

Nilitoka nyuma ya kaunta mbio. "Ni mimi!" nikapiga kelele, bila kipaza sauti. "Jamani, ni mimi tu! Naita namba!"

Mikono ilishuka polepole. Mama wa Bukoto akanitazama, akatazama spika, akatazama chini alikokalia. "Wewe?" akasema. "Mwana wange, umenikalisha juu ya nyanya!" Akaangua kicheko kile chake cha sokoni, na baada ya muda ukumbi wote ulikuwa unacheka, mwalimu akitoka chini ya benchi huku anapangusa magoti na kudai alikuwa anatafuta kalamu. Muuza nguo alitema namba yake akaipangusa na leso. Sajini peke yake hakucheka. Aliivuta kofia yake mpaka machoni akatoka, na siku ile hakurudi kuchukua mshahara.

Meneja hakucheka pia. Aliniita ofisini mwake akafunga mlango.

"Wewe mutoto, umetisha watu yangu."

"Ssebo, bwana mkubwa, si mimi. Ni hiyo sauti ya mashine."

"Mashine haina sauti. Sauti ni yako." Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Akaniambia mkaguzi kutoka makao makuu anakuja juma lijalo kuona mpango mpya wa namba, na akikuta watu wamelala chini ya mabenchi, yeye meneja atakuwa amekwisha. "Ikitokea tena, unakwenda nyuma kwa mashine ya kujumulisha. Nitaleta mutu ingine kwa hii dirisha. Siyo kwa ubaya. Lakini nitakupeleka."

Nilijua hasemi kwa ubaya, na ndiyo maana niliogopa. Mtu mwenye hasira anaweza kusahau. Niliwaza kile chumba kisicho na dirisha, kra-kra-kra, nikizeeka humo bila kujua sukari imefika wapi wala mama wa Bukoto ameamkaje. Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiende.

Nilijaribu kila kitu. Siku iliyofuata niliita kwa sauti nyororo, ya maji ya waridi: "Namba tatu, mpenzi mteja, njoo dirishani." Ikawa vibaya zaidi. Mwalimu wa Kyambogo alisimama akaanza kujongea mlangoni. "Sasa wanatubembeleza," alimwambia jirani yake. "Hapo ndipo pa kukimbia." Niliomba ruhusa ya kuita kwa Luganda, meneja akaniuliza kama nina jamaa wa kumlelea watoto wake akipotea. Tukajaribu kengele. Kengele iliwafanya wote wasimame mara moja waende dirishani, kama shuleni. Kuelekea mwisho wa juma watu walikuwa hawakai kwenye mabenchi kabisa. Walisimama ukutani, wakitazama spika juu kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika nilikuwa nyumbani baada ya kazi, jua bado lipo, mama yangu anasonga ugali na mimi nachambua mchicha kwa huzuni. Ghafla mlango wa uani ukapigwa. Du! Du! Pigo zito, bila neno.

Mama alisimamisha mwiko hewani. Mimi nilishika mchicha. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akijigamba kutwa nzima kuhusu ngumi, alikuwa ameshafika nyuma ya gunia la mkaa.

"Hodi, jamani, fungueni!" ikalia sauti ya jirani yetu kutoka nje. "Mikono yangu imejaa, napiga kwa mguu!"

Mama alifungua mlango akamkuta jirani amebeba beseni la mihogo, akamrukia. Si kwa mihogo, kwa hodi. Lazima nieleze kwamba mtaani kwetu, miaka ile, hodi ilikuwa imepandishwa cheo. Zamani mtu aliitupa tu huku ameshaingia jikoni na anafunua sufuria. Sasa kila jirani alikuwa na hodi yake, mwenye kuivuta, mwenye kuikata, mwenye kuiimba, na tulizijua zote, na tuliposikia mojawapo mabega yetu yalishuka. Wale wa kuogopwa walijulikana kwa jambo moja. Wao hawakupiga hodi.

"Siku hizi hodi kwanza, mguu baadaye!" mama alikuwa anafoka. "Unataka kuniua kwa mihogo?"

Jirani alicheka, mama akacheka, kaka akatoka nyuma ya gunia akiwa mweusi zaidi kuliko alivyoingia. Mimi niliangusha mchicha. Nilikuwa nimeona kosa letu, na lilikuwa la aibu kwa mtu aliyelelewa nyumba ile. Nilikuwa nimewaingilia watu masikioni, juma zima, kutoka pembe nne, bila hodi.

Nilipanga kumwambia meneja asubuhi mapema. Lakini nilipofika, mkaguzi alikuwa ameshafika kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani minene na sauti ya chini, amekaa kwenye kiti kando ya kaunta na mkoba wake magotini. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, naye alinitazama kwa macho ambayo nimewahi kuyaona kwa mbuzi siku ya Idi. Hapakuwa na nafasi ya kunong'ona. Ukumbi ulikuwa umejaa na watu wote wamejibana ukutani. Mama wa Bukoto alikuwapo, bila nyanya safari hii. Mwalimu alikuwapo, karibu na benchi. Sajini alikuwa mlangoni, amekuja kufuata ule mshahara.

Nikabonyeza swichi. Mluzi ukapita. Nikaona mabega yakipanda ukumbi mzima.

"Hodi," nikasema.

Watu waliendelea kuzikodolea macho spika.

Nikajivuta karibu zaidi na kile chuma, nikapiga ile hodi ya mama yangu, ya kuivuta, anayoipiga kwa jirani akienda kuomba moto:

"Hoodii, jamani!"

"Kalibu!" akasema mama wa Bukoto. Alilisema bila kufikiri, nilimwona. Mdomo wake ulijibu wenyewe. Waganda nao wanayo hodi, wanaiita koodi, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuisikia akanyamaza, awe Mganda awe nani. Hapo hapo mzee mmoja akaitikia, na muuza nguo, na wanawake watatu wa ukutani, na nilipoipiga mara ya tatu ukumbi mzima ulijibu kwa mkupuo, kwa l na kwa r, mpaka spika zikanguruma: "Kalibuuu!"

"Asanteni. Mmeamkaje?"

"Bulungi! Salama! Mungu yupo!"

"Sukari je?"

"Hakuna!" wakajibu wote, kwa kicheko kikubwa.

"Basi mwenye namba saba anaombwa dirisha la pili."

Mwenye namba saba alikuwa mwalimu wa Kyambogo. Alikuja akitembea taratibu katikati ya mabenchi, akivua ile kofia nisiyowahi kuiona imevuliwa, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu. Alikuwa na upara. Nyuma yake, bila kuambiwa, watu wakaanza kukaa.

Niliita wa pili na wa tatu hivyo hivyo. Kisha mkaguzi akainuka, akaja nyuma ya kaunta.

"Hii hodi," aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, "iko kwa maagizo?"

"Hapana, ssebo," alisema meneja upesi. "Ni huyu mutoto. Tayari nimepanga kumupeleka nyuma."

Mkaguzi alisema anataka kuona mashine inavyofanya kazi kwa maagizo tu, akainama, akavuta kipaza sauti kwake, na akasoma kutoka kwenye karatasi:

"Namba kumi! Dirisha la pili!"

Hakupaza sauti. Sidhani kama mtu yule aliwahi kupaza sauti maishani. Lakini spika ziliikuza na kuichubua, na ukumbi ule uliokuwa unacheka ulisimama, mikono juu. Mama wa Bukoto. Muuza nguo. Mwalimu, pesa zikiwa mkononi, hewani. Na mlangoni, tena, sajini.

Mkaguzi aliwatazama. Akavua miwani, akaivaa tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kidevu chake kinavyocheza.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndio wananiogopa? Hata watoto wangu mwenyewe hawaniogopi."

Nilimwonea huruma sana. Akanisogezea kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima akakivunja.

"Wapigie hodi, dada," akasema. "Tafadhali. Washushe mikono."

Nikapiga. "Kalibuuu!" wakaitika, mikono ikashuka, na kicheko cha mama wa Bukoto kikapanda juu ya wote. Na yule mkaguzi mwenyewe alikuwa ameitikia, kwa r iliyonyooka. Nilimsikia. Akafunga mkoba wake, akamwambia meneja kwamba namba ni nzuri, mabenchi ni mazuri, mashine ni nzuri, na huyu asiguswe hapo alipo. Meneja akasema hata yeye alikuwa amefikiria hivyo tangu mwanzo. Baadaye, kwa miaka, alikuwa anawaonyesha wageni ule mpango akiuita "hodi yangu," nami sikuwahi kumkatiza, maana dirisha lilikuwa langu.

Namba kumi ilikuwa bado haijaja. Nikaiita tena, kwa heshima zake zote. Akatoka sajini, pale mlangoni.

Ukumbi ulipoa. Alikuja polepole, buti zake zikisikika, akasimama mbele ya wavu wa shaba. Nilifanya nilivyozoea, nikainua macho mpaka kwenye kofia. Lakini kofia haikuwapo. Alikuwa ameivua, ameishika kifuani.

"Dada," alisema chini chini, "kwetu mama alinifunza hiyo. Kila nyumba, hodi kwanza. Lakini hapa muji hii sina mulango ya kupiga. Mutu akiona hii nguo tu, anafunga." Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono kupokea kile kisahani chake. Hakunipa. Alikuwa anangoja kitu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anakusanya nguvu.

"Hodi," akasema.

Hofu yangu yote ilikuwapo, sitasema iliondoka. Lakini nilikuwa nimewapigia hodi watu asubuhi nzima na hakuna aliyeninyima jibu. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Nikakizima, kwa sababu hili lilikuwa letu wawili.

"Karibu," nikamwambia, nikamtazama usoni.

Alikuwa mdogo kuliko mimi. Alikuwa na chunusi kidevuni. Miezi yote ile nilimhesabia mshahara wake na sikujua.